Shemeji na Kikopo cha Vidonge

Shemeji alikuja kwa siku mbili. Ndivyo alivyosema mke wa fundi viatu siku alipomleta ndani ya kikapu, paka mdogo wa rangi ya majivu mwenye sikio moja lililochanika: yuko hapa siku mbili tu, mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Siku ya tatu fundi akauliza kama mgeni ameshapewa jembe, maana wahenga hawakusema bure. Mke akamjibu kwamba ndugu wa mke hapewi jembe, hupewa mto. Basi fundi akamwita Shemeji, na jina likamganda. Alikuwa shemeji hasa: alikula wa kwanza, akalala mahali pazuri, hakuuliza kuna kazi gani, na ugomvi ulipozuka ndani ya nyumba alihamia upande wa dada yake.

Miaka ikapita hivyo. Fundi alifanya kazi kwenye chumba cha mbele kilichotazama barabara, viatu vya watu vimepangwa kwenye rafu jozi kwa jozi, na mlango wa nyuma wa chumba hicho ulifungukia nyumba yenyewe. Mke alikaa hapo mlangoni, mguu mmoja kazini na mmoja nyumbani, Shemeji mapajani. Viungo vya mke vilikuwa vinavimba. Kuna siku vidole vilikataa hata kushika kikombe, na hospitali wakampa vidonge vidogo vyeupe vya steroidi, anywe kila asubuhi baada ya kula. Vidonge vilimrudishia mikono. Vilimjaza uso pia, ukawa wa duara, naye akacheka akisema watu watadhani mume wake anamlisha vizuri.

Chupa ya dawa ilikuwa na kifuniko kigumu cha kuzuia watoto, nacho kikamzuia yeye. Fundi akachukua kikopo cha bati cha rangi ya viatu, kile chenye kijimkono cha kuzungusha pembeni, akakiosha mpaka harufu ikaisha, akamimina vidonge humo. Ukigusa kijimkono kwa kidole gumba, kikopo kinalia tak na kufunguka. Kila asubuhi fundi aliisikia hiyo tak kutoka jikoni kabla hajasikia sauti ya mkewe. Shemeji naye aliisikia, maana baada ya dawa ya dada yake ndipo alipopewa chakula chake.

Kisha mke akafa. Moyo ulisimama mchana, akiwa amekaa pale pale mlangoni, na fundi alikuwa anapiga soli, hakusikia kitu. Baada ya maziko, binti yao, ambaye alikuwa mwalimu na mtu wa kumaliza mambo, alikuja kumsaidia baba yake kupanga vitu. Nguo wakazigawa. Dawa, alisema, zisibaki ndani ya nyumba, dawa ya marehemu haina kazi kwa walio hai. Fundi akamwambia ameshazitupa. Kikopo kilikuwa ndani ya droo ya misumari wakati huo, na uongo ulimtoka kwa urahisi mpaka mwenyewe akashangaa.

Shemeji aliomboleza kwa ulimi. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akijilamba tumbo mpaka manyoya yakaisha, kisha akajikuna shingo mpaka damu. Fundi alimwelewa, yeye mwenyewe angejilamba kama kulamba kungesaidia. Lakini damu ni damu, akamtia kwenye kikapu kile kile alichojia na kumpeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye chumba chake kilinuka sabuni na mbwa waliolowa. Daktari alipapasa, akachana manyoya, akasema inaweza kuwa mzio, inaweza kuwa huzuni, na vyote viwili vinawasha. Akampa vidonge vya muda mfupi, vya kupunguzwa kidogo kidogo mpaka viishe, akamsisitiza arudi kabla ya kumpa vingine. Dawa hii, alisema, haipendi kufanywa mazoea.

Fundi aliangalia jina kwenye pakiti, akalijua. Alikuwa amelitamka kwenye dirisha la duka la dawa miaka yote ile.

Shemeji akapona, manyoya yakaanza kurudi. Vidonge vikaisha, na baada ya muda muwasho nao ukarudi. Fundi alijua anapaswa kufanya nini, na hakukifanya. Alifungua droo ya misumari, akatoa kikopo, akagusa kijimkono. Tak. Shemeji, aliyekuwa amejikunja chini ya meza ya kazi, aliinua kichwa, akakimbia mpaka mlangoni kwenye kile kiti, akasimama hapo akitazama juu. Fundi akalia. Alilia wima, kikopo mkononi, kilio ambacho maziko hayakukitoa. Halafu akakata kidonge kwa kisu cha ngozi, akachanganya kipande kwenye chakula, na paka akala.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Asubuhi, tak, na Shemeji anakuja mbio. Fundi aliona kama mkewe bado anamhudumia ndugu yake, na kwamba yeye kazi yake ni kufikisha tu. Hakuna mtu aliyemuuliza, naye hakumwambia mtu. Kipande kiliposhindwa kutuliza muwasho, alikata kikubwa zaidi. Mkono uliozoea kupima ngozi kwa jicho ulipima na dawa kwa jicho.

Na Shemeji alishamiri, au ndivyo fundi alivyoona. Alikula mpaka akalamba bakuli, kisha akaomba tena. Alikunywa maji mpaka akamaliza ndoo ndogo ya kulowekea ngozi. Wateja waliambiwa habari hizo na fundi kwa majivuno, kwamba yule mfiwa mwenzangu sasa ana hamu ya kula kuliko mimi. Alipoanza kukojoa juu ya vipande vya ngozi kwenye kona, fundi aligomba, akasema uzee, akasugua sakafu. Kwamba anakula hivyo na bado mbavu zinahesabika, hilo hakulitazama sana. Mtu akishaamua kufurahi, macho yake humtii.

Kitu alichokiona ni mwendo. Fundi huyu angeweza kumtambua mteja kwa kisigino kilicholika, na hakuna mguu uliopita mbele ya meza yake bila yeye kuusoma. Paka hutembea kwa vidole, visigino viko juu hewani. Sasa Shemeji alikuwa anakanyaga kwa visigino, miguu ya nyuma imelala chini, kama mtu aliyevaa ndala zinazompwaya. Fundi akafanya ambalo fundi viatu pekee angelifanya. Alimpima, akachukua ngozi laini ya kondoo aliyoitunza kwa kazi maalumu, akashona soksi mbili ndogo zenye soli, akaziingiza kwenye miguu ya nyuma na kuzifunga kwa kamba. Ilikuwa kazi nzuri. Shemeji alizivaa, akapiga hatua chache, akaketi, akamtazama.

Binti alikuja kumtembelea na kumkuta paka ndani ya viatu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwinua Shemeji, akausikia uzito wake, kicheko kikakatika. Alisema twende kwa daktari sasa hivi, Baba, huyu ni mifupa mitupu.

Daktari alivua zile soksi kwa adabu, akaziweka pembeni. Alitoa damu tone moja sikioni, akasubiri mashine, akapumua kwa pua. Ni kisukari. Miguu inalegea kwa sababu mishipa ya fahamu inaharibiwa na sukari, alisema. Kiu, mkojo na njaa ni hayo hayo. Halafu akauliza, kalamu mkononi:

"Mzee, zile dawa za ngozi, bado unampa?"

Binti alikuwa amesimama pale pale, akimshika Shemeji kichwa. Fundi akajibu, "Zile ulizonipa ziliisha zamani."

Kila neno lilikuwa la kweli. Daktari akaandika, akawafundisha kupiga sindano ya insulini: unainua ngozi ya shingo, unaiingiza hapo, asubuhi na jioni, akishakula. Asipokula, msimpige. Akionekana kulewa au kutetemeka, sukari imeshuka mno, mpakeni asali kwenye ufizi na mmlete mbio. Fundi alijifunza upesi. Vidole vilivyoshika msharasi wa kutobolea ngozi nusu ya maisha havikuogopa sindano nyembamba kiasi hicho.

Lakini sukari haikushuka. Walirudi, damu ikapimwa, sukari iko pale pale. Daktari akaongeza insulini. Wakarudi tena, akaongeza tena. Safari hiyo alikaa kwenye kigoda, akawaeleza kwa sauti yake ya chini kwamba jambo hili linamsumbua. Insulini, alisema, ndiyo inayopiga hodi mwilini ili sukari itoke kwenye damu na kuingia ndani ikafanye kazi. Kwa huyu, hodi inapigwa na hakuna anayeitikia. Kuna vitu vinavyouziba mwili masikio hivyo, na cha kwanza ni steroidi. Zinazuia mwili usiisikie insulini, na wakati huo huo zinalichochea ini limwage sukari zaidi. Ndiyo maana hata binadamu wanaozinywa muda mrefu hupimwa sukari kila mara.

Fundi aliikumbuka korido ya hospitali, na muuguzi aliyekuwa anamtoboa mkewe kidole kila wanapokwenda, naye anasubiri na kofia mkononi. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Mke alikuwa anatoka akinyonya kidole na kusema bado mtamu, mume wangu, usinikimbie.

"Hakuna dawa nyingine yoyote anayoipata?" daktari akauliza. "Ya kupaka, ya matone, ya jirani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na fundi alipaona. Alimwona binti yake, mtu wa kumaliza mambo, aliyeambiwa dawa zimetupwa. Aliona kikopo kikiingia kwenye pipa. Akasema hakuna.

Usimwone mjinga. Njiani kurudi alishaamua: ataacha kumpa, leo hii hii, kimya kimya, mambo yatajinyoosha yenyewe na hakuna atakayeumia. Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakumfikiria mtu anayeficha dawa, naye alijiona ameruka upande wa pili wa methali. Kikopo alikitia kwenye mfuko wa aproni, kiwe karibu, asikifungue. Insulini aliendelea nayo kwa kipimo kile kile kikubwa, asubuhi na jioni, kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Hakujua kwamba vidonge na insulini vilikuwa vinavutana kamba moja, na kwamba ukikiondoa kimoja ghafla, kingine huanguka na kamba yake.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Ndilo linalouma. Shemeji alipunguza kunywa. Kona ya ngozi ilibaki kavu. Asubuhi moja fundi aliinua macho kutoka kwenye kiatu cha shule, akaona kisigino cha mguu mmoja wa nyuma kimeinuka kutoka sakafuni, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Alimpigia simu binti yake kumpa habari, wakacheka wote wawili. Jambo moja tu lilimtia simanzi. Kila asubuhi Shemeji alikuja kukaa mbele ya meza, sikio lake zima na lile lililochanika yakiwa yamesimama, akisubiri mlio ambao haukuja.

Siku yenyewe alikula nusu ya bakuli. Fundi alijiuliza kama nusu ni kula au si kula. Akaona afadhali asikose dawa sasa anapopata nafuu, akainua ngozi ya shingo, akampiga sindano. Kulikuwa na mteja mlangoni.

Mteja alipoondoka, alisikia kitu kinagongagonga chini ya meza. Ilikuwa miguu ya Shemeji ikipiga ubao yenyewe, shingo imegeuka, macho wazi hayaoni. Fundi alipaka asali kwenye ufizi kwa kidole chenye gundi, akaita jina, akapaka tena. Miguu ikatulia. Wazo lililomjia lilikuwa baya na la mtu aliyeshikwa: kwamba labda ni kukosa vile vidonge. Alimfunga kwenye aproni yenyewe, akatoka bila kufunga mlango.

Daktari alimpokea mikononi, hakuuliza kitu. Dripu ya maji ya sukari ikaunganishwa kwenye mguu, mashine ikasoma, daktari akasoma tena kwa sababu hakuamini udogo wa namba. Binti alifika akihema, chaki mikononi. Paka alikuwa anapumua, lakini mwili ulikuwa wa baridi na haukuwa na mtu ndani. Daktari alimfunika taulo, akageuka.

"Mzee wangu, sikuulizi ili nikulaumu. Nataka nijue ninapambana na nini. Huyu alikuwa anapewa kitu gani, na kimekoma lini?"

Fundi aliokota aproni sakafuni, akaingiza mkono mfukoni, akaweka kikopo juu ya meza. Binti akakitazama. Alikijua, alikua akikiona kila siku karibu na kikombe cha mama yake. Alikaa polepole kwenye kigoda cha daktari.

Basi fundi akasema yote, kuanzia droo ya misumari. Alisema akiangalia taulo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kukifungua kikopo ili avione vidonge.

Tak.

Sikio lililochanika likageuka. Lilikuwa ni sikio tu, kichwa hakikuinuka, lakini wote watatu waliliona likigeuka kuelekea mlio na kubaki limeelekea huko. Fundi aliinama akamwambia yuko njiani, subiri kidogo, bado anavaa viatu. Alikuwa akimwambia hivyo zamani, mke alipochelewa kutoka chumbani. Shemeji alisubiri mpaka jioni. Hakusubiri zaidi ya hapo.

Daktari angeweza kunyamaza, lakini binti alimuuliza, na aliyeulizwa alikuwa mkweli. Sindano hazikuwa kosa, alisema, na kuacha vidonge lilikuwa jambo jema, ingawa huachwa kwa kupunguza, maana mwili uliozoea kupewa husahau kujitengenezea. Ila zilipoondoka steroidi, masikio ya mwili yalizibuka. Hodi ikaanza kusikika, na sisi tukawa tunaipiga kwa rungu. Ningejua, ningepunguza insulini siku ile ile. Paka wengi wa namna hii, sukari yao huondoka kabisa na sindano zikaachwa. Alisita, kisha akamalizia kwa sababu alikuwa amekwisha anza: kwa dalili mnazonieleza, huyu alikuwa anapona.

Fundi aliitika kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kufika mahali. Alichukua zile soksi mbili za ngozi, ambazo daktari alikuwa amezihifadhi kwenye rafu siku zote hizo, akazitia mfukoni, akambeba Shemeji kwenye taulo.

Walimzika asubuhi iliyofuata nyuma ya nyumba, ukutani, mahali mkewe alipokuwa akianika nguo. Fundi alimlaza kwenye boksi la mabuti. Binti alishika jembe, akachimba kidogo, akasimama. Alikuwa amejizuia usiku kucha na sasa alishindwa.

"Daktari alikuuliza mara mbili, Baba. Mara mbili, na mimi nimesimama pale. Kwa nini hukusema?"

Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya boksi.

"Ningesema, mama, mngeniambia nikitupe."

Binti aliiangalia ile aproni, umbo la duara lililotuna kwenye mfuko wake. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo. Hakukiomba kikopo. Baba yake akasimama, akamwondolea jembe mkononi, na akachimba mwenyewe mpaka shimo likatosha.